Ukiona Vyawaka

Leseni ya baba imetundikwa jikoni, ndiko ofisini,
fremu imepasuka kona, kioo kina vumbi la plasta.
Tarakimu saba. Ndizo zinazotulisha.
Kwenye karatasi, bingwa ni yeye; kwenye ngazi ni mimi,
maana vidole vyake siku hizi hutetemeka
kama mrija wa taa unaokaribia kuzima.

Thunder Bay, Januari. Nyuzi thelathini chini ya sufuri.
Gari nalichomeka ukutani kama simu
lisigande damu usiku.
Asubuhi nakaa ndani yake, glavu mdomoni,
napiga hesabu nyuma ya bahasha ya bima:
ada ya leseni, kabla mwezi haujaisha;
bima yenyewe, ambayo haijui kushuka;
kibali cha kila kazi, hata ya soketi moja;
na shaba, shaba imepanda tena,
bunda la waya la bei ya viatu
sasa lataka viatu, soksi na kofia.
Juu ya hayo mtihani wangu, Machi,
nikitaka jina la Salmela lisizikwe na mwenyewe.

Bi Hrynkiw wa mtaa wa Secord
alinisomea makadirio yangu kwenye simu
polepole, kama asomaye wasia.
"Elfu nne na mia mbili, mwanangu? Kwa kisanduku?"
Nikamwambia si kisanduku. Ni swichi kuu, ni ethi,
ni mkaguzi kuja na tochi yake
na kuondoka bila kukunja uso.
Akasema kuna kijana wa elfu moja na mia tisa.
Akasema taa ni taa.
Akakata, nami nimebaki na jibu ulimini:
ukiona vyawaka, vimeungwa.

Kijana namjua.
Corbin Pelletier. Mimi nilimfundisha kumenya waya
bila kuujeruhi moyo.
Miaka miwili ya uanagenzi alikula mkate wetu,
wa tatu akanunua gari, akachora radi ya njano mlangoni,
akaondoka kabla ya cheti.
Simlaumu sana. Cheti hakiliwi,
na kwake kuna pacha.

Saa tatu usiku, simu.
"Aila, niazime nambari. Sahihi tu.
Mkaguzi anakuja kesho. Nina mia nne mkononi."

Mia nne.
Niliitazama bahasha ya bima. Nayo ikanitazama.
Baba hakuuliza ni nani,
alipunguza tu sauti ya redio.

Nilitaka kusema: nambari si koti.
Nambari ni mtu miaka thelathini na minane
akitambaa kwa tumbo chini ya sakafu za watu
ili walale.
Sikusema. Nilisema, "Usiguse kitu. Nakuja."

Bi Hrynkiw alisimama ngazini na mshumaa, amevaa koti la marehemu mumewe.
Corbin hakuniangalia.
Skrubu nne. Kifuniko.
Nyutro ilikuwa imelegea, ganda lake limeiva kuwa kahawia.
"Unasikia harufu?"
Akasikia. Akakaa chini, pale pale kwenye saruji.

Nikamwambia ainuke, ashike tochi.
Tulikata, tukaunga, tukakaza,
hadi vidole vikasahau vilikuwa vya nani.
Kibali niliomba upya, kwa nambari yetu,
kwa kuwa sasa kazi ilikuwa yetu.
Bibi atalipa mia mia kila mwezi, hadi vuli;
shaba haitamsubiri, mimi nitamsubiri.
Kwenye ankara niliandika saa tano, waya, breka mbili.
Somo sikuliandika.

Nilirudi alfajiri. Baba yu macho.
"Kazi ya nani?"
"Yetu."
Akainuka, akainyoosha fremu ukutani kwa kidole kile kinachotetemeka.
Ikarudi upande.
Akaiacha.